Makapi ya chai yanaweza kulinda njugu zako. Swali ni: atalipwa nani?

Leo naanza na aibu yangu.

Mwaka jana niliamua mimi pia ni mfanyabiashara. Nilichukua akiba yangu yote, shilingi 4,000, nikanunua njugu karanga, vikopo vya plastiki vinavyoonyesha ndani, na stika zenye jina langu la mtandaoni. Njugu nikazikaanga na chumvi jikoni kwa kogo. Kogo ni nyanya, kwa wale ambao si wa huku kwetu. Nikapata vikopo 60. Picha zilitoka safi bana, watu wakapenda mpaka nikajiona tajiri. Nikasambaza kwa maduka matatu hapa Chebunyo na moja Sigor.

Wiki za kwanza zilienda poa. Wiki ya tano mwenye duka mmoja akanipigia: "Kijana, kuja uchukue vitu zako. Wateja wanasema zinanuka rangi ya nyumba."

Nilienda, nikafungua kopo moja, nikanusa. Alikuwa anasema ukweli. Hakukuwa na ukungu wala wadudu, lakini njugu zilikuwa chungu na harufu ilikuwa ile ya ukuta uliopakwa jana. Vikopo vilikuwa vimepangwa dirishani, jua la saa nane likivipiga moja kwa moja. Kwa ujumla nilirudi nyumbani na vikopo 38. Kogo alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akaniuliza swali ambalo ndilo limenileta hapa: "Kwani ulifikiri kazi ya chombo ni kubeba tu?"

Kogo ana haki ya kuuliza. Jikoni kwake kuna sotet, kibuyu cha mursik. Kabla ya kutia maziwa, anachoma kijiti cha senetwet, anaingiza makaa kibuyuni, anayasaga na kuyasugua kwa sosiot mpaka ukuta wa ndani unakuwa mweusi. Ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa yanaingia. Yanakaa siku nyingi, hata wiki kadhaa, na bado wageni wanapiga foleni. Chombo chake kina kazi mbili, kubeba na kutunza. Mimi nilinunua chombo cha kubeba tu, tena chenye kuruhusu jua lipite.

Siku hizi watafiti wa chakula wanakiita hiki kifungashio kinachofanya kazi, na Ulaya walikitungia kanuni kamili mwaka 2009. Kogo hakuingoja hiyo kanuni. Makaa ya senetwet yanafanya kazi kwa njia yake na hayafanani na mambo nitakayoeleza hapa chini, lakini wazo ni moja: ukuta wa chombo usikae bure.

Kwa nini njugu zangu zilienda

Hasara ikikuuma unapata hamu ya kusoma. Njugu karanga, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Mafuta yakikutana na oksijeni yanaharibika, na joto na mwanga vinaongeza kasi. Kitu kilichonishangaza ni jinsi uharibifu unavyosambaa. Chembe moja ya mafuta ikishambuliwa, inamgeukia jirani yake na kumharibu, jirani naye anamgeukia mwingine, mpaka kopo lote linanuka.

Chukua uvumi kwenye grupu ya WhatsApp ya kijiji. Mmoja anatuma kwamba pesa za serikali zinatolewa leo kwa chifu. Wa pili anaforwadi, wa tatu anaforwadi, kufikia saa kumi kijiji kizima kiko kwa chifu. Sasa antioksidanti ni yule msee ambaye ujumbe ukimfikia anausoma, ananyamaza, na hautoki kwake. Wakiwa wengi kwenye grupu, uvumi unachelewa sana. Siku moja wataisha na uvumi utapita, ndiyo, lakini kwenye biashara ya chakula kuchelewa huko ndiko faida iliko. Wiki sita zikiwa kumi, mimi sirudi na vikopo 38.

Kampuni kubwa zinajua haya kitambo. Tangu miaka ya 1950 viwanda vinatumia antioksidanti za maabara kama BHT na BHA. Na si lazima ziwekwe kwenye chakula chenyewe. BHT inaweza kuwekwa kwenye ule mfuko wa ndani ya boksi la nafaka za asubuhi, halafu inatoka polepole ikielekea chakula. Ukuta unafanya kazi.

Shida ni kwamba wanunuzi wengi siku hizi wakiona herufi tatu za ajabu kwenye paketi wanarudisha rafuni. Ndiyo maana watafiti wanatafuta antioksidanti za mimea. Ulaya waliruhusu dondoo ya rozimari mwaka 2010 na kuipa namba E392. Na kwa sababu mmea unaolimwa kwa kazi hiyo una gharama, macho yamegeukia vitu ambavyo viwanda vya chakula vinatupa: maganda ya zabibu baada ya kukamuliwa mvinyo, maganda ya machungwa, kokwa za maembe, mbegu za avokado, maganda ya kahawa.

Na chai, wasee.

Iko hapa karibu yetu

Chebunyo tuko upande mkavu wa Bomet, kule Chepalungu. Huku ni ng'ombe, mahindi na maziwa. Lakini panda matatu uelekee Bomet mjini, usonge mbele kwenda Konoin au Kericho, na kijani kinaanza na hakiishi. Vijana wengi wa huku wamewahi kupanda huko juu kutafuta kibarua cha kuchuma. Kwa hiyo hata kama shamba letu halina chai, maisha yetu yana chai.

Lile doa la kahawia kwenye kikombe chako, ambalo halitoki hata ukisugua na jivu, na ile ladha ya chai ya rangi inayokausha ulimi, nyingi yake ni kazi ya polifenoli. Ndio hao wasee wa kunyamazisha uvumi. Jani la chai limejaa hao.

Kiwandani jani bichi linanyaushwa, linakatwakatwa na mashine, linaachwa libadilike rangi, linakaushwa, kisha linachambuliwa. Kilo moja ya chai kavu inatoka kwa zaidi ya kilo nne za jani bichi, na tofauti hiyo karibu yote ni maji. Lakini kwenye kuchambua kuna nyuzi na vipande vya mabua ambavyo vinaondolewa kwa sababu mnunuzi hataki kuviona. Kuna pia vumbi la kufagiwa sakafuni. Usichanganye na ile chai laini inayouzwa mnada wa Mombasa kwa jina la Dust, hiyo ni daraja halali na ina bei yake. Mimi nasema makapi yenyewe. Halafu kuna majani yanayobaki baada ya kukamuliwa pale wanapotengeneza dondoo au chai ya kuyeyuka, kazi ambayo Kericho inafanyika, kule Saosa. Jani likikamuliwa mara moja haliishi utamu wote. Hata wewe umewahi kuongeza maji kwa majani yaleyale mwisho wa mwezi. Usikatae.

Kuzitoa polifenoli si uchawi. Kimsingi ni kupika chai: maji moto, au maji yaliyochanganywa na pombe kali ili yatoe zaidi, kisha kuchuja, kupunguza maji na kukausha. Unabaki na unga wa kahawia. Unga huo unaweza kuchanganywa kwenye plastiki, kupakwa upande wa ndani wa karatasi, au kutiwa kwenye utando wa wanga wa muhogo au mahindi. Utando wenye chai unapata rangi ya kahawia, na rangi hiyo pia inazuia sehemu ya miale ya jua. Kumbuka dirisha la lile duka.

Nilijaribu jikoni. Wanga wa mahindi, maji, gliserini ya duka la dawa, na chai nzito. Nikapika mpaka ikawa uji, nikaimwaga kwa sinia, nikaacha ikauke. Utando wa kwanza ulipasuka kama matope ya Januari. Wa pili ulitoka mzuri, laini, rangi ya asali. Nikaupiga picha. Baada ya siku nne za mvua ulikuwa umelegea na kuota ukungu. Sikuweka njugu ndani, na usijaribu kuuza chakula kwenye kitu kama hicho. Nilichojifunza ni kwamba wazo linasimama, na kutoka wazo mpaka paketi dukani kuna safari ndefu.

Hapa naweka breki

Nataka tuongee ukweli, kwa sababu mtandao umejaa watu wanaouza neno "asilia" kama vile ni dawa.

Kwanza, asilia si sawa na salama. Mwaka 2022 Ulaya waliweka mipaka kwa dondoo ya chai ya kijani inayouzwa kama vidonge vya afya, kwa sababu kipimo kikubwa cha polifenoli yake moja kinaweza kuumiza ini. Kikombe chako cha chai hakina shida. Lakini ukikamua kitu na kukifanya kizito, unakifanya kizito pamoja na kila kilichokuwemo, kafeini na hata mabaki ya dawa za shambani. Lazima kipimwe.

Pili, antioksidanti haiondoi sumukuvu. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 huko Ukambani na maeneo jirani. Sumu hiyo inatoka kwa ukungu, na njugu zetu pia zinaipata zikikaushwa vibaya. Ukifunga njugu mbaya kwenye paketi nzuri, umeuza sumu iliyopendeza.

Tatu, paketi yenye chai haichukui nafasi ya paketi isiyopitisha hewa. Ile paketi ya krispi imevimba kwa sababu imejazwa naitrojeni, na ndani inang'aa kwa sababu kuna tabaka la kuzuia oksijeni na mwanga. Mimi ningeanza tu kwa kutoa vikopo dirishani ningeokoa nusu ya hasara.

Nne, si kila tunachokiita taka ni taka. Chai ikipogolewa, yale matawi yanaachwa shambani yarudishe rutuba kwenye udongo. Ukiyabeba, mkulima atalipa kwa mbolea. Na jani likishabadilika kiwandani kuwa chai nyeusi, aina ya polifenoli inabadilika pia, zile za jani bichi zinapungua sana. Kwa hiyo kabla mtu hajapiga kelele za utajiri, apime: makapi gani, kutoka hatua gani, kiasi gani kwa mwezi.

Kinachoniuma

Sasa nifike kwa jambo lenyewe. Kenya inauza nje zaidi ya kilo milioni 400 za chai kila mwaka, na nyingi inaondoka kwa magunia, haina jina la mtu. Thamani inaongezwa mbele ya safari. Makapi yakianza kuwa na bei, nani atazuia hadithi ileile isijirudie? Naiona kabisa: mtu anachukua makapi kwa bei ya kutupa, anayakamua mbali, kisha antioksidanti inarudi kwetu imekaa ndani ya paketi ya bei ghali, sisi tunainunua na kupiga nayo picha.

Tumewahi kuahidiwa. Mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa chai kule Kericho ilitoa chai ya zambarau, TRFK 306, yenye antioksidanti za aina yake. Mmea ni mzuri, sayansi yake safi. Lakini viwanda vyenye uwezo wa kuisindika peke yake vilikuwa vichache, na kuna wakulima waliopanda wakiota bei ya juu wakabaki wakiuliza wapeleke wapi. Mmea ulifika kabla ya soko. Sitaki tuone hiyo sinema mara ya pili na makapi.

Na hali ya huku juu haihitaji ahadi nyingine hewa. Bonasi ikitangazwa, wakulima wa upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa wanaangalia za wenzao wa Mlima Kenya na kushika kichwa. Mei 2023, Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai kwa sababu mashine moja inachukua kazi ya watu wengi. Siungi mkono moto. Lakini ukiwa na miaka ishirini na kazi pekee uliyoijua familia yenu imechukuliwa na mashine, mtu akikuletea mada ya "uchumi wa kijani" bila kukuambia utaajiriwa wapi, unamtazama tu.

Ndiyo maana naona makapi ni suala la vijana. Kazi ya kuchuma inapungua. Kazi ya kupima, kukamua, kukausha, kupaka karatasi na kutengeneza paketi haijaanza. Mtu ataianza. Napendelea aanzie Konoin au Kericho.

Na tuna mlango. Viwanda vilivyo chini ya KTDA ni vya wakulima wadogo, zaidi ya 600,000 nchini, wenye hisa zao. Ikiwa kiwanda ni chao, basi hata kinachofagiwa sakafuni ni chao. Kwa hiyo haya ndiyo ninayotaka, na nayasema kama mjukuu na binamu wa watu wanaopeleka majani kila siku:

Kwanza, kila kiwanda kipime makapi yake na kuwaonyesha wakulima kwenye mkutano wa mwaka: kilo ngapi, yalienda wapi, yaliuzwa kwa nani, kwa pesa ngapi. Hili halihitaji maabara, linahitaji mizani na uaminifu.

Pili, Chuo Kikuu cha Kabianga kiko Kericho, taasisi ya utafiti wa chai iko Kericho. Wanafunzi wa kemia wapewe makapi ya kiwanda kimoja, njugu za mama mmoja wa soko, na wiki kumi. Paketi yenye chai na paketi isiyo na chai, kwenye rafu moja, dirisha lilelile. Matokeo yaandikwe kwa lugha ambayo yule mama anaelewa.

Tatu, KEBS watuambie mapema paketi ya namna hii itapimwa kwa kipimo gani. Kijana hawezi kuchukua mkopo kwa kitu ambacho hajui kama kitaruhusiwa. Tuliona mwaka 2017, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku na faini ikawekwa hadi shilingi milioni nne. Wengine walipoteza biashara, na wengine waliokuwa tayari na mifuko mbadala wakapata pesa. Sheria ikija, inamfaa aliyejiandaa.

Najua kuna msee atasema: wewe ni wa Chebunyo, nyinyi mna maziwa, ya chai yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu mimi ndiye mteja. Anayehitaji paketi inayotunza si kampuni kubwa pekee, yeye ana mitambo yake. Anayehitaji ni mama wa njugu, mama wa simsim, kijana wa krispi za viazi pale steji, watu ambao wiki tatu zaidi za uzima wa bidhaa ni karo ya muhula. Paketi hiyo ikitengenezwa na iwe ghali kuliko njugu zenyewe, haitatusaidia. Ikitoka karibu, kwa makapi ya karibu, kuna uwezekano itafikiwa.

Kwa sasa nimerudi kwa biashara, polepole. Nakaanga kidogo, napakia kwenye mifuko ya karatasi nzito isiyopitisha mwanga, naandika tarehe kwa mkono, na mwenye duka ameahidi kuweka mbali na dirisha. Baada ya wiki tatu zilizobaki nazirudisha na tunazila wenyewe. Faida ni ndogo lakini hakuna aliyenipigia simu.

Kogo alinunua pakiti ya kwanza. Alilipa pesa taslimu, akaigeuza akiiangalia juu na chini, akagonga karatasi kwa kidole. "Hii angalau inaficha jua," akasema. "Sasa itafutie makaa yake."

Kazi yako wiki hii, kama kwenu kuna chai: muulize mzazi wako, au mkurugenzi wa kiwanda mkikutana sokoni, makapi yanaenda wapi. Muulize kwa heshima, na usiondoke bila jibu. Ukilipata, niletee.